Video za Beti Zimejaa kwa Simu Yangu, Nizitoe Vipi?

Swali ni la mama mmoja wa Kisauni, auza mahamri na oda zake huzipokea kwa simu: "Fundi, kijana wangu alichukua simu yangu akatazama mambo ya beti, tangu hapo nikifungua TikTok ni odds, Facebook ni odds, na magrupu ya WhatsApp naingizwa tu sijui na nani. Nishabloku mpaka nimechoka."

Pole mamangu. Kwanza wacha kubloku mmoja mmoja, ukimfunga huyu kesho yuwaja na jina jingine. TikTok haiangalii laiki pekee, yaangalia umekaa kwa video muda gani, umeirudia ama umeikata, umekomenti au la, kwa hivyo ile ukisimama kusoma watu wakitukanana kwenye komenti, ama wewe mwenyewe uandike "wezi nyinyi", mashine haijui umekasirika, yenyewe yahesabu tu kwamba umekaa na kesho yakuletea zingine.

Ikitokea tena ibonyeze video kwa kidole mpaka menyu itoke, gusa Not interested, pita. Halafu ingia profaili yako, mistari mitatu pale juu, setingi, Content preferences. Hapo kuna pa kuchuja maneno: weka beti, bet, odds, jackpot, kamari, yaani kila namna watu wanavyoyaandika. Hapo hapo kuna Refresh your For You feed, ilikuja 2023, yaanza kukuletea video kana kwamba akaunti ni mpya. Mimi kwako ningeanza na hiyo. Uliowafollow hawaguswi, ila yale mapishi uliyozoea kuletewa yatapotea kidogo mpaka uifunze tena, na hizo siku za mwanzo tafadhali usimpe kijana simu!

Facebook watu huchanganya posti za kupendekezwa na matangazo ya kulipiwa. Posti, gusa vidoti vitatu uifiche. Matangazo yana mlango wake: Accounts Center, Ad preferences, Ad topics, tafuta Gambling uweke See less. Hiyo yapunguza, haimalizi. Mwishoni mwa Aprili 2025 bodi ya kamari hapa Kenya ilisimamisha matangazo ya kamari siku 30, watu wakafurahi, lakini jamaa anayeuza "fixed", yaani mechi anazodai matokeo yake yashapangwa, kwa akaunti feki kwani yeye angojea kibali cha bodi? Huyo mripoti, na pesa usimtumie hata shilingi.

WhatsApp ndiyo rahisi. Setingi, Privacy, Groups, toa Everyone weka My contacts. Asiye kwenye namba ulizosevu hatakuingiza tena, itabidi akutumie mwaliko kwanza. Na kwa vile wewe wasevu wateja, ukimgundua mmoja wao ndiye akuingizaye kwa hayo magrupu, chagua My contacts except umtie alama huyo peke yake, oda zake za mahamri zitaendelea kuja kama kawaida.