Mjamzito, jua kilo zako mapema

Mimba ya kwanza niliilea Ujiji kwa mama mkwe, na kwake mjamzito hasemi ameshiba. Ugali wa muhogo, migebuka ya mawese, kisha chai ya maziwa na chapati za "mjukuu". Ukisukuma sahani unaulizwa, "Mwanangu, unataka kumnyima mtoto?"

Dada zangu, mtoto hahitaji sahani ya pili. Miezi mitatu ya mwanzo hakuna haja ya kuongeza chakula kabisa. Ya katikati, nyongeza ni kama kalori 340 kwa siku: kikombe cha maziwa, yai moja na ndizi, basi. Mawese nayapenda na yana vitamini A, lakini kijiko kikubwa kimoja cha mafuta yoyote ni kalori kama 120, na sisi Kigoma hatupimi kwa kijiko.

Hudhurio la kwanza kliniki, hakikisha unapimwa uzito na urefu, kisha uliza. Mimi nina sentimita 160 na nilianza na kilo 82. Gawanya 82 kwa 1.6 (urefu wangu kwa mita), jibu ligawanye tena kwa 1.6, unapata 32. Ukifika 30 unahesabiwa mnene kupita kiasi, na mwongozo wa Marekani wa mwaka 2009 unasema mtu kama huyo aongeze kilo 5 hadi 9 tu mimba nzima. Mwenye uzito wa kawaida ni kilo 11.5 hadi 16. Mama mkwe nilikwenda naye kliniki akasikie mwenyewe, maana neno la nesi halibishiwi kama la mkamwana.

Hofu ya unene kwenye mimba ni presha, kifafa cha mimba na kisukari cha mimba. Sukari ya mama hupita kwenye kondo la nyuma, ila insulini yake, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, haipiti. Mtoto analazimika kutengeneza insulini yake kwa wingi, ananenepa, na wakati wa kuzaliwa mabega yanaweza kukwama. Akishatoka, sukari ya mama imekatika ila insulini ya mtoto bado ni nyingi, kwa hiyo sukari yake mtoto inaweza kushuka ghafla. Ndiyo maana anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza. Mama naye yuko karibu zaidi na upasuaji, na kidonda cha mnene hupata maambukizi kwa urahisi.

Ila usifunge kula ili upungue. Mimba si wakati wa kukonda. Kama bado hujabeba, hapo ndipo pa kupunguza. Ukishabeba, punguza soda, chapati na mafuta, ongeza mboga, dagaa na maharage, na tembea. Kupanda kutoka Kibirizi hadi Mwanga ni zoezi tosha, kama nesi hajakukataza.

Kichwa kikiuma sana, macho yakaona ukungu, au uso na mikono vikavimba ghafla, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda siku hiyohiyo, hata usiku, na nauli ya bodaboda iwekwe kando mapema.