Chembe zangu za damu zimeshuka: je, nijiunge na jaribio la dawa?

*Shangazi, shikamoo. Nina umri wa miaka 47. Nilifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi na sasa niko kwenye tibakemikali. Mara mbili nimerudishwa nyumbani bila dozi kwa sababu chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, zimeshuka. Mara ya mwisho zilikuwa 62,000, na nahisi ugonjwa unanishinda. Daktari amenikaribisha kwenye jaribio la sindano ya kuzipandisha, lakini baadhi yetu tutapewa plasebo, yaani sindano isiyo na dawa, na hata yeye hatajua nani kapata nini. Mume wangu anasema wanataka kunifanya panya wa maabara. Mimi naogopa nikikataa daktari ataniona mkaidi. Nifanye nini?* (Barua imefupishwa.)

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Kujiandaa kwa dozi usiku kucha, kisha kutolewa damu na kuambiwa urudi wiki ijayo, kunachosha kuliko watu wa nyumbani wanavyodhani.

Kabla ya suala la saini, niondoe hofu moja. Chembe hizo kushuka si ishara kwamba saratani inakushinda. Tibakemikali hushambulia seli zinazogawanyika kwa kasi, na uboho ulio ndani ya mifupa, ambao ndio unaotengeneza chembe sahani, hufanya kazi hiyo bila kupumzika. Kwa kuwa chembe moja huishi takriban siku 8 hadi 10 tu, uboho ukilemewa kwa muda mfupi upungufu huonekana kwenye kipimo baada ya siku chache. Kiwango cha kawaida ni kati ya 150,000 na 450,000 kwa kila mikrolita ya damu. Madaktari wengi husita kutoa dozi zikiwa chini ya 100,000, ingawa hatari ya kutokwa na damu huanza kutia wasiwasi zaidi chini ya 50,000, na huwa kubwa mno chini ya 10,000. Hizo 62,000 zako zilitosha kusimamisha dozi, lakini hazikuwa zimekufikisha ukingoni.

Sasa jaribio lenyewe. Hawajaribu dawa mpya ya kutibu saratani yako. Tibakemikali inaendelea ileile. Wanachouliza ni kama sindano hiyo inaweza kuzuia dozi zisiahirishwe wala kupunguzwa. Kwa hiyo swali la kwanza la kumpelekea daktari ni hili: kwa hali yangu, kuahirisha dozi au kuipunguza kunanigharimu nini? Kwa mtu anayepewa dawa baada ya upasuaji ili ugonjwa usirudi, kufuata ratiba kuna uzito mkubwa. Kwa mtu ambaye ugonjwa wake umesambaa, kupunguza dozi mara nyingi ni njia inayokubalika, na huenda asihitaji jaribio lolote. Wewe uko katika kundi la kwanza, na ndiyo maana naona mwaliko huu unastahili kufikiriwa kwa makini.

Kuhusu plasebo, naona unaiwazia kama kutelekezwa, na sivyo. Atakayeangukia upande huo huendelea kupimwa damu, kuahirishiwa dozi inapobidi, na kuongezewa chembe sahani zikishuka mno. Tena uboho wa watu wengi hujirekebisha wenyewe. Katika jaribio la avatrombopagi, dawa nyingine ya kupandisha chembe sahani, lililochapishwa mwaka 2022, kwa wagonjwa wa saratani za ovari, mapafu na kibofu, dawa haikuishinda plasebo katika lengo kuu, kwa kuwa wengi wa waliopata plasebo nao walivuka salama. Hii haimaanishi kwamba dawa yako haitafanya kazi. Inamaanisha kwamba hakuna anayeijua faida yake kwako kabla ya kuipima, na anayekuahidi kuwa utapona haraka ukijiunga, usimsikilize.

Mume wako nisingempuuza, ingawa maneno yake ni makali. Nyingi ya dawa hizi huiga thrombopoyetini, homoni inayotoka hasa kwenye ini na kuuamuru uboho uzalishe chembe. Miaka ya 1990 dawa moja ya aina hiyo iliachwa baada ya baadhi ya waliodungwa kujenga kingamwili dhidi ya homoni yao wenyewe, chembe zikashuka badala ya kupanda. Zilizofuata ziliundwa tofauti ili kuepuka balaa hilo, na romiplostimu, kwa mfano, imetumika tangu mwaka 2008 kwa watu ambao kinga ya mwili wao huharibu chembe sahani. Hatari ninayotaka uiulize kwa msisitizo ni ya damu kuganda ndani ya mishipa. Saratani yenyewe huiongeza, na dawa ya kupandisha chembe inaweza kuiongeza pia. Kama uliwahi kuvimba mguu kwa sababu hiyo, kama una mpira wa dawa kwenye mshipa wa kifuani, au kama unatarajiwa kuanza tamoksifeni (vidonge vya kuzuia saratani ya titi isirudi) baadaye, sema hata usipoulizwa.

Fomu ya ridhaa usiisaini palepale mezani. Iombe uende nayo nyumbani, uisome na mumeo, na muweke alama penye maneno msiyoyaelewa. Tafuteni hasa ni mara ngapi utadungwa na kutolewa damu zaidi ya kawaida, nani atalipia vipimo hivyo, na nani atakutibu ukipata madhara. Kisha nendeni wote wawili, na umwache yeye aulize lile swali lake la panya kwa maneno yake mwenyewe. Daktari anayefanya utafiti ameshalisikia mara nyingi. Kukataa ni haki yako, na kujitoa katikati ni haki yako pia, bila kupoteza matibabu yako ya kawaida. Usijiunge kwa ajili ya kumridhisha daktari. Ukijiunga, iwe ni kwa sababu majibu yake yamekuridhisha wewe.

Wakati unafikiria, usimeze aspirini wala ibuprofeni bila kuuliza, na tumia mswaki laini. Ukiona vidoa vidogo vyekundu miguuni visivyofifia ukivibonyeza, damu ya pua isiyokatika, choo cheusi kama lami, au ukishikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.