Poni anayegoma kutembea
Mkuu, unasema poni wako, huyo farasi mdogo wa kubeba watoto ufukweni Igombe, anagoma kutembea: usimwongezee fimbo. Anayepigwa mateke kila hatua huzoea, anaacha kusikia. Mbane kidogo kwa miguu mara moja. Asipojibu mpe teke moja la maana, na akisogea tu, acha kabisa. Hiyo kuacha ndiyo inamfundisha. Nimefuga punda Magu, nao ni hivyohivyo.

Ila kagua kwanza mgongo chini ya tandiko, kwato na meno. Mpandaji na tandiko wasizidi kama asilimia 20 ya uzito wake. Akikonda na homa inakuja na kuondoka, daktari wa mifugo apime damu, hasa kama alipitia pori lenye mbung'o: hiyo yaweza kuwa nagana, ugonjwa wa vimelea vya damu unaoenezwa na mbung'o. Na kwa joto la saa nane mchana hapo Igombe, nani ana hamu ya kutembea?