Ukienda Lacock, lala huko huko

Wengi wanaokwenda Lacock, kule Wiltshire, Uingereza, hukaa saa mbili tatu tu. Wanapiga picha, wanakunywa chai, wanageuza. Mimi nakushauri ukodi kijumba ulale, maana kijiji chenyewe ni mitaa minne, na mchana wa kiangazi inajaa mpaka mlango unaotaka kuutazama umezibwa na migongo ya watu. Jioni wageni wakishaondoka wanabaki wenyeji na mbwa wao, na ndipo unapoanza kuona mawe, mbao na matofali ya zile nyumba.

Abasia ya hapo, yaani nyumba ya watawa wa kike, ilianzishwa mwaka 1232 na Ela, bibi mwenye cheo cha Countess wa Salisbury. Humo ndimo William Henry Fox Talbot, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha aliyeishi hapo, alipopiga picha ya dirisha mwaka 1835, na negativu yake (ile picha ambayo mwanga na giza vimegeuzana) ndiyo kongwe zaidi iliyopigwa kwa kamera kati ya zilizosalia duniani. Mwaka 1944 Matilda Talbot aliikabidhi abasia pamoja na kijiji kwa National Trust, shirika la kuhifadhi mambo ya kale, na wakazi wengi hadi leo ni wapangaji wa shirika hilo. Ndiyo maana huoni antena mapaani wala nyaya zikining'inia juu ya barabara. Mtu wa Mji Mkongwe kule Unguja hahitaji kuelezwa zaidi: nyumba ya aina hii huigusi utakavyo.

Basi soma tangazo la kijumba ukijua hilo. Likisema "boriti za asili", elewa kwamba mtu mrefu atainama kila mlango. Ngazi ni nyembamba na zimesimama wima, kwa hiyo kama unakwenda na mama mzee, uliza kabla ya kulipa: choo kiko chini au juu? Uliza pia joto linatoka wapi. Nyumba nyingi za zamani zina madirisha ya kioo kimoja, na baridi ya Januari haibishi hodi. Kukiwa na jiko la kuni, uliza kama kuni zimo kwenye bei. Kukiwa na hita zile nzito za umeme, fahamu kwamba huhifadhi joto usiku na kulitoa mchana. Ukizikuta baridi saa tatu usiku, hata uzungushe vitufe vyote, hutapata kitu mpaka kesho. Na kuta nene za mawe hukata mtandao wa simu. Hakikisha kuna waifai.

Jikoni kwa kawaida kuna kila chombo, isipokuwa mwiko wa ugali. King'ora cha moshi nacho hakina simile, kwa hiyo chapati zikaange dirisha likiwa wazi. Unga, viungo na samaki nunua mjini kabla hujafika. Baa za kijiji zinapokea familia na zina chakula kizuri, ila jiko lao mara nyingi hufungwa alasiri, na chakula cha mchana cha Jumapili bila kuweka nafasi mapema usikitegemee.

Kufika si kazi: treni kutoka London Paddington hadi Chippenham huchukua zaidi ya saa moja kidogo, kisha ni kilomita tano hivi kwa basi au teksi. Angalia ratiba ya basi ya jioni na ya Jumapili kabla hujajiamini.

Kwa msimu, mimi napendelea katikati ya wiki, vuli au mwanzo wa machipuo, bei ikiwa nafuu. Desemba jua linazama saa kumi jioni. Juni halizami mpaka karibu saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo wanaosali wajue Isha itawakesha. Viatu vya mpira ni lazima majira ya baridi, maana Mto Avon hufurika malishoni. Njia za miguu zinapita katikati ya mashamba ya watu, na sheria inakuruhusu kupita. Funga tu kila geti ulilofungua, kondoo wasitoke.

Mara nyingi unapokea nyumba saa kumi jioni na kuikabidhi saa nne asubuhi, na wasafishaji hawachelewi. Osha vyombo usiku ule wa mwisho, na usome karatasi ya taka iliyobandikwa jikoni, kwa sababu chupa, karatasi na mabaki ya chakula kila kimoja kina pipa lake.