Mashindano ya picha ya hoteli huko Shela: ingia, lakini fomu isomwe kwanza

Dada uliyeuliza, nimesoma swali lako pamoja na majibu ya waliotangulia. Umesema hoteli moja ya Shela, hapa kisiwani Lamu, imetangaza mashindano kwa wachoraji wa kisiwani. Mada ni "Lamu yangu", mshindi wa kwanza atapewa pesa taslimu, na kazi zote zitakazopita mchujo "zitabaki kuwa mali ya hoteli". Wewe kazi yako ni kupamba maharusi kwa hina, kuchora umechora kwenye karatasi tu, na unataka kujua uingie au uache, na ukiingia uchore nini.

Mimi ni mchoraji, mzaliwa wa mtaa wa Langoni, mjini Lamu. Mashindano ya namna hii nimeyaingia, nimeshinda na nimekosa, na kuna msimu niliitwa kusaidia kutundika kazi za wenzangu nikaona mambo yanavyokwenda upande wa pili. Jibu langu ni ingia. Ila lile sharti la mwisho ulimalize kabla hujachovya brashi.

Piga hesabu. Zikipita kazi ishirini na zawadi ikawa moja, hoteli imepamba vyumba ishirini kwa bei ya picha moja, na wachoraji kumi na tisa wamerudi kwao bila picha na bila shilingi. Sisemi wenye hoteli wana nia mbaya. Wengi niliofanya nao kazi wanaipenda sanaa kwelikweli, na fomu hizi mara nyingi hunakiliwa kutoka kwingine bila mtu kukaa akazipima. Lakini hasara ni ileile, iwe imekusudiwa au haikukusudiwa.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ile ya mwaka 2001, inakulinda kuliko wengi wanavyodhani. Ukishaichora picha, hakimiliki ni yako papo hapo hata kama hukuisajili popote, na inadumu umri wako wote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, kunakupa ushahidi siku ya mzozo, lakini haki huwa ni yako hata bila usajili. Mtu akinunua picha yako, amenunua kile kitu alichokishika: akitundike, akiuze, amzawadie mkwewe. Hajanunua ruhusa ya kuichapisha kwenye kadi, vikombe au matangazo. Kumhamishia mtu haki hiyo lazima kuwe kwa maandishi yenye sahihi. Sasa angalia: fomu ya mashindano ni maandishi, na chini pana nafasi ya sahihi yako. Ndiyo sababu nasema isomwe mstari kwa mstari, na ukimaliza kutia sahihi ubaki na nakala.

Nakala hiyo imewahi kuniokoa. Kuna hoteli, jina silitaji, ilionyesha picha yangu ya mlango wa nakshi. Msimu uliofuata nikaiona picha ileile kwenye jalada la menyu na kwenye mifuko ya kitambaa waliyokuwa wakiwauzia wageni. Jina langu halikuwapo popote. Fomu yangu ilisema "kuonyeshwa ukumbini" na si zaidi. Nilikwenda nayo, meneja akaisoma nikiwa nimesimama mbele yake, na mwishowe wakanilipa na menyu mpya zikatoka na jina langu. Ingekuwa ni neno langu dhidi ya neno lake, sidhani kama ningepata kitu. Na hilo la jina usilione dogo. Sheria inakupa haki ya kutajwa kuwa ndiwe mwenye kazi, na haki ya kukataa kazi yako isikatwekatwe au kuharibiwa kwa namna ya kukuvunjia heshima.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi hapa hawalijui. Mashindano, hata yakiwa na mada, si kazi ya kuagizwa. Umechora kwa hiari yako, haki ni yako. Lakini ukishinda, halafu wiki ya pili meneja akakupigia simu akasema "tuchoree picha nne za vyumba vya juu", hapo mambo yamegeuka. Kazi ya kuagizwa, sheria inahesabu kwamba hakimiliki imekwenda kwa aliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Kwa hiyo siku hiyo, kabla ya kupokea hata pesa ya rangi, andikianeni kwamba picha ni zao na hakimiliki inabaki kwako. Mistari miwili inatosha.

Je, hoteli itakubali kubadilisha sharti? Mara nyingi hukubali, wakiendewa kwa adabu na kwa umoja. Sisi tuliwahi kukusanyika wachoraji wa Amu, yaani Lamu mjini, na wa Shela tukaandika barua moja. Tulisema tunashukuru kwa nafasi, na tunaomba mambo matatu: mshindi peke yake ndiye aache kazi yake, kwa kuwa zawadi ndiyo bei yake, waliobaki kazi zao zitundikwe msimu mzima zikiwa na bei, zikiuzwa hoteli ichukue theluthi moja, na zisizouzwa zirudi. Mwenye hoteli alijibu ndani ya wiki na akakubali yote. Ukweli ni kwamba ilimfaa na yeye: kuta zake zilijaa, na wageni walikuwa na kitu cha kununua chenye mtu wa kumuuliza. Kwa hiyo usiende peke yako. Tafuta wenzako walioona tangazo hilohilo.

Sasa uchore nini. Bwana mmoja hapo juu amekushauri uchore jahazi na jua linazama, kwa kuwa "ndicho wazungu wanachotaka". Kwa heshima zote, napingana naye. Msimu ule nilipotundika kazi za wenzangu, karibu nusu zilikuwa majahazi wakati wa machweo, na zilizobaki nyingi zilikuwa punda kwenye uchochoro. Zilikuwa nzuri, lakini majaji walizipita kwa sababu jicho lilishachoka. Tangu mji wa kale wa Lamu uingie kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, picha za jahazi na uchochoro zimezunguka dunia nzima, na mgeni anazijua kabla hajashuka uwanja wa ndege wa Manda. Pia kuna wachoraji wa Ulaya wanaokuja kwa tamasha la wachoraji aliloanzisha Mjerumani Herbert Menzer hapo Shela, nao hukaa gatini na barabarani wakichora vitu hivyohivyo, wakiwa na mafunzo na vifaa. Sitaki ushindane nao kwenye uwanja huo.

Wewe una kitu ambacho mimi sina wala wao hawana. Unaingia chumba cha biarusi. Unaijua mikono ya wanawake wa Lamu, unajua ua linaanzia kwenye kifundo gani na linafuata mshipa gani, unajua wanawake wanaongea nini na wanakaa vipi wakati hina inakauka. Mada ni "Lamu yangu", na Lamu yako ndiyo hiyo. Chora mikono. Chora ua moja kubwa la hina likijaza kitambaa kizima. Chora leso zilizotandikwa, sinia la hina, miguu juu ya mto.

Nyuso, hapana, au angalau si bila ruhusa ya mwenyewe iliyo wazi. Dada au bibi aliyevua buibui ndani ya nyumba hakuvua ili atundikwe kwenye ukumbi wa hoteli. Wewe unalijua hili kuliko mimi, nalisema tu kwa sababu majaji wengine hupenda sana sura za watu na unaweza kushawishika. Mikono haimtambulishi mtu, na ina maneno mengi.

Na usione haya kwamba hina si "sanaa ya hoteli". Hapa kwetu fundi hakuwahi kufungwa kwenye kazi moja. Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa khati na mchonga milango, yote kwa mkono mmoja. Aliwanakilia tenzi watafiti wa Ulaya kama Alice Werner na Ernst Dammann, wakamlipa, na miswada yake mpaka leo inahifadhiwa London na inajulikana kuwa ni ya Kijuma. Alifanya kazi na wageni bila kuacha mkono wake wa Kiamu na bila jina lake kupotea. Mimi humfikiria sana mtu huyu kila ninapoona vijana wetu wakibadilisha mkono wao ili wafanane na picha za dukani.

Vifaa. Hina yenyewe usiipake kwenye kitambaa: inashika ngozi na nywele, lakini pamba haiishiki sawasawa na rangi itapauka. Tumia akriliki nzito, uitie kwenye koni ileile unayopambia. Mkono wako umeshaizoea koni, kwa nini uanze kujifunza brashi leo? Kwa kitambaa, wengi wetu tunatumia tanga kuukuu la jahazi au mashua. Linapatikana kwa mabaharia, lina viraka na mishono ambayo yenyewe ni pambo. Lakini lifue kwa maji ya kisima au ya mfereji, ulisuuze mara kadhaa mpaka chumvi iishe. Chumvi ikibaki ndani ya uzi huvuta unyevu wa hewa, na baada ya miezi michache rangi inavimba na kubanduka. Likikauka, livute kwenye fremu ya mbao, kisha lipake rangi nyeupe ya maji ya ukutani mikono miwili, nyembamba. Fremu isiwe ya mbao laini ambayo haikutiwa dawa, mchwa hawana huruma.

Ukubwa nao una maana. Umesema hoteli hiyo ni nyumba ya zamani iliyokarabatiwa. Nyumba zetu za mawe, upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, ndiyo maana msana, ule ukumbi wa ndani, ni mrefu lakini upana wake ni takriban mita tatu au pungufu. Mtu hawezi kurudi nyuma akaitazama picha kubwa. Na mwanga unatoka kiwandani tu, yaani ule ua wa katikati ya nyumba, ukifika ndani umeshafifia. Picha ya upana wa mikono miwili iliyofunguliwa, yenye rangi za giza, itapotea humo. Fanya ya wastani, ndefu kwenda juu, na uache sehemu nyingi nyeupe zinazorudisha mwanga. Nenda ukaombe kuuona ukumbi kabla hujaanza. Hakuna meneja atakayekukatalia. Nyuma ya fremu bandika vipande vinne vya kizibo au mpira, ili picha isigusane na ukuta. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupitisha unyevu, na picha iliyolala juu yake huota ukungu kwa nyuma bila mtu kuona.

Hapo nataka ukae nami kidogo, kwa sababu hili ndilo linaloua kazi nyingi. Tarehe uliyotaja ya kupeleka picha ni mwisho wa Aprili, na maonyesho ni Julai. Mei na Juni ni masika, kusi linavuma, hoteli nyingi za Shela hufungwa, wafanyakazi huenda likizo. Kazi zenu zitakaa wapi? Nimewahi kufungua chumba cha stoo mwezi wa Julai nikakuta picha za wenzangu zimepangwa sakafuni, zimeegemeana uso kwa uso, na zote zina madoa ya ukungu. Mbili zilikuwa zimeshikana rangi, tukazichana kuzitenganisha. Hakuna aliyelipwa, kwa kuwa fomu haikusema chochote juu ya uharibifu. Kwa hiyo ombeni moja kati ya haya: ama muwapelekee picha ndogo za simu kwa mchujo na kazi zenyewe zije Julai, ama waandike kwamba kazi zikiharibika mikononi mwao watalipa bei iliyotajwa. Mimi ningechagua la kwanza. Nyumbani kwako utaigeuza na kuipepea, stoo ya watu hakuna wa kuifungua.

Siku ya kupeleka, angalia maji. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, bahari ikijaa, njia ya ufukweni ya kwenda Shela huliwa na bahari, utajikuta unatembea na picha kichwani huku mawimbi yanakupiga. Ngoja yatoke, au panda boti na picha uifunge plastiki pande zote, maana rasharasha za bahari ni chumvi ileile uliyohangaika kuifua. Ukifika, usiiache mapokezi na kuondoka. Andika karatasi mbili: jina lako, jina la kazi, vipimo, bei, tarehe, na hali ya picha ilipopokelewa. Anayepokea atie sahihi zote mbili, moja uondoke nayo.

Bei nayo uiandike hata kama ni ya mashindano. Jumlisha vifaa, na siku zako za kazi uzihesabu kwa kile unachopata ukipamba biarusi, si chini ya hapo.

Fomu yenyewe ipige picha, ufiche jina la hoteli na namba za simu, uiweke hapa chini. Nitaisoma leo baada ya isha na nitakuandikia vipengele vya kuomba vibadilishwe. Na kama kuna mwingine wa Amu, Shela, Matondoni au Kipungani anayeingia mashindano hayohayo, ajitaje, tuandike barua moja kabla ya wiki hii kwisha.