Eti Samatta alifeli Ulaya?

Kaka unayesema Mbwana Samatta, straika wetu wa Taifa Stars, alifeli Ulaya, unahesabu ile miezi ya Aston Villa tu au? Jamaa katoka Mbagala, kapita Simba, akaenda zake TP Mazembe kule Lubumbashi, Kongo, akabeba ubingwa wa klabu za Afrika 2015, Januari 2016 huyo Genk ya Ubelgiji, na msimu wa 2018/19 wakachukua ligi ya Ubelgiji yeye kapiga goli 23. Akiwa na Genk, pale Anfield kawatungua Liverpool kwa kichwa, halafu akiwa na Villa fainali ya Carabao (Kombe la Ligi la England) 2020 pale Wembley kichwa tena, krosi ya El Ghazi kairukia hivi karibu agaegae kwenye nyasi mbele ya mabeki wa Manchester City. Villa walipigwa 2-1, sawa. Baadaye akabeba ligi ya Ugiriki na PAOK 2024. Hebu nitajie Mbongo mwingine mwenye CV hiyo, nakusubiri hapa.