Hita ya maji inaangusha breka: elementi mpya au hita mpya?

Mkuu wa Nzuguni, Dodoma, uliyeuliza kuhusu hita ya lita 50: umesema ina miaka mitano, bomba likikauka mnajaza simtanki maji ya kisima yenye chumvi, na sasa kila ukiiwasha breka inaanguka. Fundi mmoja kasema tupa nunua nyingine, mwingine kasema badilisha elementi tu, yaani koili inayopasha maji. Kwa maelezo yako hakuna hata mmoja aliyefungua kifuniko, kwa hiyo wote wawili wamebahatisha.

Breka kuanguka hakukuambii kama hita imekufa. Elementi, thamostati (kidhibiti joto), gasketi (mpira wa kuzuia uvujaji), valvu na anodi (fimbo inayoliwa na kutu badala ya mtungi) vyote vinafunguliwa kwa spana na vinauzwa peke yake. Mtungi wa ndani ndio usio na spea. Kwa hiyo kabla ya kuhangaika na umeme, chunguza mtungi.

Fungua bomba la moto peke yake, kinga kwenye ndoo nyeupe. Maji ya moto yakitoka na rangi ya kutu wakati ya baridi ni safi, na mabomba yako ni ya plastiki, basi kutu inatoka ndani ya mtungi. Halafu zima breka, fungua kifuniko cha chini, kausha vizuri kwa kitambaa eneo lote la flenji, yaani sahani ya chuma iliyoshika elementi. Zungushia karatasi ya chooni, acha saa nzima hita ikiwa imejaa maji. Karatasi ikilowa kwenye ukingo wa flenji, ni gasketi, kazi ndogo. Maji yakichuruzika kutoka ndani ya sponji ya kutunza joto iliyozunguka mtungi, au kwenye mshono wa ganda la nje, mtungi umetoboka. Hapo usitumie hata shilingi kwenye elementi. Na ukisikia fundi anasema ataenda kuuchomelea, mshukuru umuage: mitungi mingi imepakwa enameli ndani, utando mgumu kama kioo, joto la kuchomelea linaipasua, na kutu inaanza upya pembeni ya kiraka.

Usichanganye uvujaji huo na matone ya valvu ya usalama, ile yenye kishikio kidogo kwenye bomba la kuingizia maji. Lita 50 zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 65 zinatanuka karibu lita moja, na valvu isiyorudisha maji ikiwa nzima, lita hiyo inatokea hapo. Kudondosha wakati wa kupasha ni kawaida. Kudondosha usiku kucha hita ikiwa imepoa maana yake kuna mchanga kwenye kiti cha valvu, au pampu yako inasukuma kupita kiasi. Nunua valvu nyingine. Kuiziba ile tundu kwa plagi, kama wafanyavyo wengine, ni kutengeneza bomu bafuni.

Mtungi ukiwa mzima, sasa njoo kwenye umeme. Zima breka, hakikisha kwa tesita kwamba hakuna moto, chomoa waya zote mbili za elementi. Weka mita kwenye omu. Kati ya ncha mbili, elementi ya wati 1500 isome karibu omu 35, ya wati 2000 karibu 26, ya wati 3000 karibu 17 na nusu. Isiposoma kitu, imekatika, lakini elementi iliyokatika peke yake haiangushi breka, inakuachia maji baridi tu. Kisha pima kutoka kila ncha kwenda kwenye chuma cha mtungi. Hapo mita isisome chochote. Ikishuka chini ya megaomu moja, ganda la elementi limepasuka na maji yameingia kwenye unga wa ndani unaozuia umeme. Mita ya kawaida hutumia volti ndogo, inaweza kukuambia ni nzima wakati ni mbovu. Mwenye mita ya kupima insulesheni kwa volti 500 ndiye wa kumwamini.

Muda wa kuanguka nao unasema kitu. Ikianguka papo hapo, mara nyingi ni elementi. Ikianguka baada ya dakika kumi au zaidi, kagua pia skrubu zilizolegea, waya ulioungua pale unapofungwa, au breka ndogo. Wati 3000 zinavuta ampea 13: waya wa milimita 2.5 za mraba na breka ya 16 vinatosha. Waya wa 1.5 hautoshi hata kama "umekaa miaka yote". Na kama breka haianguki ila maji hayapati moto, bonyeza kwanza kitufe cha thamostati kabla ya kununua chochote. Kikiruka tena baada ya siku mbili, thamostati imechoka, au kijiti chake cha kuhisi joto kimezama kwenye chumvi.

Chumvi ndiyo hadithi nzima ya hita za Dodoma. Maji yetu mengi ni ya ardhini, kuanzia visima vya Mzakwe hadi vya uani. Yakipashwa, chokaa inajitenga na kuganda kwenye elementi kama ukoko wa ugali, na kadiri unavyopandisha joto ndivyo inavyoganda haraka. Watu hudhani ukoko unakula LUKU. Si sana: elementi imezama ndani ya maji, joto lake halina pengine pa kwenda. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 ni uniti 2.3, ukoko uwepo usiwepo. Hasara yake ni kwamba elementi inajipika yenyewe chini ya lile gamba hadi ganda linapasuka, kisha breka inaanguka. Ndiyo hali yako, kwa dau langu.

Muuaji wa pili ni mgao wa maji. Valvu isiyorudisha maji ikichoka, bomba likikauka hita inajimwaga kinyumenyume kupitia bomba la kuingizia, nawe asubuhi unawasha elementi hewani. Ukiweka elementi mpya bila kubadili valvu hiyo, utarudi hapa mwezi ujao.

Kazi yenyewe, kama ni elementi: funga geti valvu (koki ya maji yanayoingia), fungua bomba la moto ili hewa iingie, nyanyua kishikio cha valvu ya usalama maji yamwagike yote. Fungua bolti za flenji. Chota tope jeupe lililokaa chini. Usishangae likijaza bakuli. Angalia anodi, ile fimbo ya magnesiamu: ikibaki nyembamba kama penseli au waya wa katikati unaonekana, badilisha. Gasketi ya zamani usiirudishe hata ikionekana nzima. Kaza bolti kwa kupishanisha, moja huku nyingine upande wa pili, la sivyo flenji inakaa upande na kuvuja. Jaza maji hadi bomba la moto litoke mfululizo bila kukohoa hewa, ndipo uwashe. Elementi mpya nyingi hufa dakika ile ile kwa kuruka hatua hii. Thamostati weka nyuzi 60, si mwisho wa kitasa.

Sasa hesabu. Jumlisha elementi, gasketi, anodi, valvu na ufundi. Chini ya theluthi ya bei ya hita mpya, na tope ulilochota ni jeupe, tengeneza bila kujiuliza. Ikifika nusu, tengeneza ikiwa tu anodi ilikuwa bado na nyama, maana hapo mtungi ulikuwa na mlinzi. Anodi ikiwa imekwisha kabisa na tope ni jekundu, nunua mpya hata kama elementi ni rahisi. Kutu imeshaanza kula. Kwa maji ya chumvi na anodi isiyokaguliwa, miaka mitano ni umri wa utu uzima.

Ukinunua, chukua ya enameli yenye anodi inayofunguka, na uulize spea zake kabla ya kulipa. Chuma cha pua kinasifiwa sana, lakini chumvi hukitoboa kwenye mishono. Hita za papo kwa papo za kichwani mwa bafu ni habari nyingine: nyingi zina koili iliyo wazi majini, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri. Bila ethi ya kweli (waya wa kwenda ardhini) na breka ya miliampea 30 inayokata umeme ukivuja, usiogee hapo. Ikianza kukupiga shoti, usiitengeneze.

Pima ncha kwa ncha, kisha ncha kwa chuma, uweke namba hapa pamoja na rangi ya tope.